Wanawake wa Birere

Juzi binti yangu alirudi kutoka shuleni na kazi ya mikono: abandike majani makavu kwenye karatasi, atengeneze nyumba, au ndege, au chochote kitakachomridhisha mwalimu. Gundi ilikuwa imekwisha nyumbani, na mimi si mtu wa kukimbilia dukani kila mtoto anapokumbuka jambo jioni. Nikachukua unga wa muhogo, nikaukoroga katika sufuria ndogo hadi ukawa uji mzito, na kabla sijajua nafanya nini nikatia humo tone la mafuta ya taa. Ile harufu ilipopanda, uchachu wa muhogo na ukali wa mafuta ya taa kwa pamoja, nikauachia mwiko sufuriani. Nikakaa chini palepale jikoni. Binti yangu akaniuliza, "Mama, uko mugonjwa?" Nikamwambia hapana, ni babu yako huyo amepita.

Wenzangu mliokulia Rumonge mtamkumbuka Baba hata kama jina lake limewatoka. Ndiye yule mwembamba wa mtaa wa Waswahili aliyetengeneza picha kwa birere, yaani magome ya mgomba yaliyojikaukia yenyewe kwenye shina. Hakuwahi kununua rangi. Alisema rangi zote ziko shambani, tatizo ni uvivu wa macho ya watu. Tulikwenda naye upande wa Kigwena, migomba ilikochanganyika na michikichi, akawa anabandua gome moja moja na kuliinua juani: hili la rangi ya kahawia ni ngozi ya mtu, hili jeusi lililolala kwenye unyevunyevu ni nywele, hili jeupe la ndani ni mchanga wa ziwani, hili la madoadoa ni kitenge. Nyumbani alivunja wembe katikati, akashika nusu yake kati ya vidole viwili, akakata bila kuchora kwanza. Alibandika kwenye maboksi ya sabuni yaliyokatwa, kwa gundi hiyo ya muhogo niliyowaambia. Mafuta ya taa yalikuwa ya kufukuza mende. Mende wa Rumonge, Baba alisema, wanapenda sanaa kuliko binadamu.

Alitengeneza watu wa kwetu wakiwa kazini. Wanawake wanaoanika ndagala, yaani dagaa wa ziwani, wanawake wanaotwanga, wanawake waliojitwika madumu ya mawese, wanaume wanaopiga kasia, na wapiga ngoma kwa ajili ya wageni, kwa maana wageni bila ngoma hawaridhiki. Walikuwa watu hai kabisa. Ungeona mgongo ulivyochoka, ungeona kitenge kilivyolegea kiunoni. Lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa na sura. Chini ya kilemba palikuwa na kipande cha birere cha mviringo, kitupu, basi. Hakuna jicho, pua wala mdomo.

Kila mnunuzi aliuliza, na Baba alikuwa na jibu la kila mtu. Mwislamu wa mtaani akiuliza, alijibiwa, "Sitaki kesi kesho mbele ya Mwenyezi Mungu." Mgeni kutoka Bujumbura akiuliza, Baba alisema, "Sura utaweka wewe, mama. Muweke yule unamukumbuka." Hapo mgeni hucheka, hutazama picha tena, kisha hutoa pesa. Baba aliijua biashara yake.

Mimi nililelewa na Shangazi, dada yake Baba, mwanamke wa maneno makali na mikono laini. Mama alikuwa amekufa ziwani nikiwa mdogo kiasi cha kubebwa mgongoni. Alikuwa mchuuzi, mtumbwi aliopanda kutoka upande wa Kongo ulipinduliwa na upepo karibu na nchi kavu, na hayo tu ndiyo niliyoambiwa. Hakuacha picha. Harusi yao ilipita bila mpiga picha, na picha yake ya pekee ilikuwa kwenye kitambulisho alichokuwa nacho siku hiyo, maji yakaila. Nilichokuwa nacho ni maneno ya Shangazi, nayo yalikuja nilipokosea tu. Nikisonga ugali vibaya alisema, "Afadhali hata mama yako na ule mkono wake wa kushoto." Kwani Mama alikuwa mashoto kupita kiasi. Alitwanga kwa kushoto, akafagia kwa kushoto, akafunga kitenge fundo likaja upande wa pili. "Kula tu ndiko alikula kwa kulia," Shangazi alisema, "na hapo ni kwa sababu nilimkazia macho."

Sasa nitawaambia jambo nililomficha kila mtu nyumbani. Nilikuwa nimeisahau sura ya Mama. Harufu ya nguo yake nilikuwa nayo, joto la mgongo wake nilikuwa nalo, lakini nikimgeuza anitazame, palikuwa patupu. Nilijaribu kwa kila njia anayoweza kuijua mtoto. Nilifumba macho ghafla ili nimkamate kabla hajatoroka. Nilijitazama kwenye kioo cha Shangazi nikitumaini labda atachungulia kupitia kwangu. Watu wazima walisema, "Maskini, mtoto anamkumbuka mama yake," na mimi nikainamisha kichwa kwa aibu, kwa sababu haikuwa kweli.

Ndipo siku moja madrasani Maalim akatufundisha habari ya watengeneza picha. Alisema siku ya Kiyama wale wanaotengeneza sanamu na picha za viumbe wataambiwa wavitie roho vile walivyoviumba, na hawataweza, na hiyo ndiyo adhabu yao. Darasa zima likageuka kunitazama mimi, binti wa mtu wa birere. Nadhani walitegemea nilie. Kumbe moyo wangu ulikuwa unaruka kwa furaha, maana juma lililotangulia Maalim huyohuyo alitufundisha, na kutukaririsha mpaka koo zikauma, kwamba Mungu hambebeshi mtu mzigo asiouweza. Mimi nikayaweka masomo mawili pamoja. Kama Mungu atamwagiza Baba apulize, na Mungu haagizi lisilowezekana, basi Baba ataweza. Labda wengine hawataweza kwa sababu picha zao ni mbaya. Baba ataweza. Mpaka leo, niliyesoma na kuzeeka kidogo, sijaona vizuri mtoto yule alikosea wapi.

Kilichobaki kilikuwa kidogo: Baba amtengeneze Mama, tena mwenye sura. Asiye na sura atapuliziwa wapi? Pua hana, mdomo hana. Nilirudi nyumbani mbio nikamkuta Baba uani na wembe wake, nikamwambia, "Baba, nitengenezee Mama. Na macho. Na mdomo."

Mkono wake ukasimama. "Hapana," akasema.

"Kwa sababu ya Maalim?"

"Nimesema hapana, Zaituni. Nenda ukamusaidie shangazi yako."

Nilimwomba kesho yake, na kesho kutwa, mpaka akawa akiniona nakuja anajifanya anatafuta kitu mfukoni. Nikaenda kumshitaki kwa Shangazi. Yeye alikuwa anachambua mchele, na kwa mara ya kwanza hakunikaripia. Akasema, "Zamani alikuwa anaweka sura, tena nzuri. Unakutana na mtu sokoni, unasema, huyu si yule wa kwenye picha? Maalim alikuwa anamusema, yeye anacheka. Aliacha kuweka sura mama yako alipokufa." Akarudi kwenye mchele wake. Mimi nikaelewa kitoto: Baba aliogopa moto. Nikaona ni juu yangu kumwambia asiogope, kwamba mambo yatakwenda vizuri, ila sikujua nianzie wapi. Mtoto hamfundishi mzazi wake dini.

Mwisho wa juma tulikwenda Gitaza, kama kawaida. Soko la Rumonge lilikuwa karibu na kwetu, mtu angeweza kuitwa kula akiwa kwenye meza yake ya biashara, lakini Baba hakuacha kwenda Gitaza, kule Muhuta, ambako magari ya Bujumbura husimama kununua ndagala. Shangazi hakuipenda safari hiyo. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," alimtupia Baba tukiwa mlangoni. Baba akamjibu kwamba kizuri nacho kikikaa ndani sana huliwa na mende. Tulifunga kamba kati ya miti miwili kando ya barabara, mimi nikabana picha kwa vibanio vya nguo. Nyuma yetu vilikuwapo vichanja vya ndagala, na upepo ulipogeuka picha zote zilinuka samaki. Waliozipeleka Bujumbura walilipeleka na ziwa letu.

Akaja mama mmoja mwenye miwani, ameshanunua ndagala, mfuko uko mkononi. "Amahoro, papa. Hizi unatengeneza wewe?" Baba akasema ndiyo. Akauliza la sura, Baba akampa jibu lake la wageni, mama akacheka akaitazama kamba. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto akaibandua kwenye kamba picha ya mwanamke anayepepeta.

"Huyu ni mashoto kama mimi," akasema kwa furaha. "Tazama ungo anaushikia wapi." Akatazama ya pili. "Na huyu wa mchi. Na huyu wa mawese. Papa, wanawake wako wote ni mashoto?"

"Ni wembe tu, mama," Baba akasema. "Unapenda kukatia upande huo."

Nikatazama kamba yote. Wanaume walipiga kasia kwa mkono wa kulia. Wapiga ngoma walishika fimbo sawasawa. Wanawake, kila mmoja, walikuwa wa mkono wa kushoto, na fundo la kitenge chao lilikuwa upande wa pili. Nilikuwa nimezitundika picha hizo mwisho wa juma baada ya mwisho wa juma, na sikuwa nimeona. Na alipokuwa akinikatalia uani, mkononi mwake alikuwa na Mama.

Halafu hofu ikanishika, hofu hasa. Nikafikiria wote waliokwisha kuuzwa. Mama anatwanga sebuleni kwa mtu Bujumbura. Mama anaanika ndagala ukutani kwa mtu nisiyemjua. Siku hiyo ikifika, Baba ataambiwa apulize, na yeye hana hata mmoja. Mama yule wa miwani alikuwa anatoa pesa. Nikapita chini ya kamba nikaikamata picha kwa mikono miwili, kifuani.

"Usimuuze," nikamwambia Baba. "Ni Mama."

"Mutoto ana nini?" mnunuzi akauliza.

"Zaituni, achia."

"Ukimuuza utampulizaje?" Hapo yote yakanitoka, bila mpangilio: Maalim, Kiyama, mzigo asiouweza mtu, kwamba asiogope moto kwa sababu ataweza, ila amwekee sura kwanza, na awarudishe wote walioko Bujumbura. Watu wawili watatu wa ndagala walikuwa wamesimama kusikiliza. Baba hakuwatazama. Alichuchumaa mbele yangu mpaka macho yetu yakalingana.

"Nani amekufanya kadhi?" akasema, na alitaka kutabasamu lakini mdomo wake ulikataa. "Mwanangu, mimi sitaweza."

"Utajuaje na hujajaribu?"

"Nilishajaribu."

Alinyoosha kidole nyuma yetu, kwenye vichanja. "Walimleta pale, mimi nimekuja kumpokea. Bado alikuwa na joto. Wavuvi wakaniambia mpulizie mdomoni, wengine hurudi. Nikampulizia. Nikapuliza mpaka watu wakanishika mikono wakaniondoa, na mimi bado napuliza. Hakurudi." Alisema polepole, kama mtu anayesomesha. "Maalim ananiambia habari ya kesho. Mimi hiyo kesi nilishaipata hapa hapa, kwenye mchanga. Sasa nimtengeneze tena na macho yake, na mdomo wake, niambiwe tena nipulize, na tena asiinuke, na safari hii wewe unatazama? Hapana. Hilo ndilo siliwezi."

Sikuwa nimewahi kumsikia Baba akisema maneno mengi hivyo kuhusu Mama. Nilimhurumia. Mtu anafikiri mtoto hajui kuhurumia, anajua sana, ila hana la kufanya na huruma hiyo isipokuwa kutoa anachofikiri kinafaa. Nikamwambia, "Ulikuwa peke yako. Siku hiyo uniite. Tutapuliza wawili."

Baba akafunika macho kwa kiganja. Mabega yake yakatikisika, na mimi niliyekuwa sijawahi kumwona akilia nilidhani anacheka, nikafurahi kwamba mpango wangu umempendeza. Mama wa miwani alikuwa amegeukia ziwa. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Papa, basi. Mubaki naye."

"Hapana, mama," Baba akasema, akajifuta kwa mkono wa shati. "Wewe umempenda, uende naye. Ni kazi." Akanigeukia. "Zaituni, huyu si mama yako. Huyu hana sura. Mama yako alikuwa na sura."

Hapo ndipo nilipolia mimi. Nililia kwa sauti, mbele ya watu, na nikasema lile nililolificha siku zote: "Mimi siikumbuki."

Hakunikemea wala hakushangaa. Alinitazama kwa muda, kama aliyekuwa amesahau kwamba kitu alichokuwa akikikimbia yeye, mimi nilikuwa nakitafuta. Akaichukua picha taratibu kutoka mikononi mwangu, akaifunga kwa gazeti, akampa yule mama. "Murakoze," akamshukuru. Zilizobaki akazipanga kwenye mfuko, na tukafungua kamba kabla ya wakati.

Tulipata nafasi nyuma ya kamyoneti ya mchuuzi wa ndagala iliyokuwa inarudi Rumonge tupu. Tulikaa juu ya magunia matupu, migongo yetu kwenye kibanda cha dereva. Jua lilikuwa bado juu ya milima ya Kongo, ziwa liko kushoto kwetu, upepo mwingi. Kwa sababu ya upepo huo Baba alilazimika kunielezea sura ya Mama sikioni, na kila neno lilikuja na pumzi yake ya moto.

Alianza na paji la uso. Lilikuwa pana, akasema, na yeye alilificha kwa kilemba, bure tu. Nyusi ya kulia ilikuwa fupi kuliko ya kushoto, kwa kovu la ukuni alilopata utotoni. Macho madogo, akicheka yalizibika kabisa, ungeweza kumwibia sahani mbele yake. Pua aliichukia. Baba hakuona ubaya wake. Ufizi mweusi, na alijua kwamba unampendeza, kwa hiyo alicheka hata pasipochekesha. Mwanya, si mkubwa. Kidevu... "Kidevu ni hicho chako," akasema. "Jishike." Nikajishika. Nilibaki nimejishika njia nzima, naogopa kukiachia.

Angeweza kusema mpaka Kigwena kama tungeendelea na safari, lakini tulikuwa tunaingia Rumonge na dereva alikuwa ameanza kupunguza mwendo. Nikafumba macho. Alikuwapo. Nyusi moja fupi, macho yamezibika. Nikamwambia Baba usiache, sema tena, na yeye akasema sura imekwisha, kimebaki kitu kimoja ambacho birere haziwezi hata ungekuwa fundi namna gani.

"Alikuwa anakuita hivi," akasema, akasogeza mdomo sikioni. Akalikata jina langu katikati, akauvuta mwisho wake juu, kwa sauti nyembamba ambayo haikuwa yake: "Zaituu."

Tangu Mama afe ziwani hakuna mtu aliyekuwa ameniita hivyo. Nikaitika bila kufumbua macho, kama watoto wa kwetu wanavyomwitikia mkubwa, kwa lile neno la Kirundi la kumtakia anayekuita maisha marefu.

"Karame," nikasema. "Karame, mama."